Wanasema Kiswahili chetu ndicho kinachomchelewesha

SWALI: Shikamoo dada. Tunaishi England, upande wa Midlands, huu mwaka wa tano. Mwanangu wa pili ana miaka saba. Maneno anayoyasema hayafiki thelathini, ukichanganya Kiswahili na Kiingereza. Kelele zikizidi darasani anaingia chini ya meza na kuziba masikio. Tangu shule zifunguliwe Septemba nimekuwa nikipigiwa simu saa tano na nusu, saa sita, nije kumchukua kwa sababu "siku yake imekuwa ngumu". Mimi nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo simu inanikuta sijalala hata saa tatu.

Tarehe 12 Septemba niliiandikia kaunsili, yaani serikali ya eneo letu, barua pepe kuomba afanyiwe tathmini ya EHC, ile inayotangulia mpango wa elimu, afya na matunzo wa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Jibu limekuja tarehe 28 Novemba: hapana. Wanasema matatizo yake yanaelekea kutokana na Kiingereza kutokuwa lugha ya nyumbani, tena shule haijaonyesha kwamba imekwisha kutumia zile £6,000 zake. Baba yake ameamua tuache Kiswahili kabisa. Bibi yao akipiga simu, mtoto anaambiwa aseme "helo" na "bai" tu. Na jirani ananitisha kwamba nikiisumbua kaunsili nitaharibu viza yetu. Nishike wapi?
Mama wa Wawili, Midlands

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayokukimbia. Barua ya kukataliwa ina tarehe 28 Novemba. Una miezi miwili kuanzia hapo, yaani hadi 28 Januari. Katikati kuna likizo ya Krismasi ambapo ofisi hazipokei simu. Usiandike ombi jipya. Atatokea mtu mpole wa kukuambia, "Ngoja tukusanye ushahidi muhula ujao, halafu uombe tena." Mshukuru, kisha usimsikilize. Ombi jipya linarudisha hesabu kwenye sifuri.

Unachotakiwa kufanya ni kukata rufaa. Kwenye barua yao wameweka, tena mara nyingi kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, namba ya mshauri wa usuluhishi. Mpigie wiki hii. Hulazimiki kukaa nao kwenye usuluhishi. Ukimwambia huutaki, anapaswa kukupa cheti ndani ya siku tatu za kazi. Cheti hicho ndicho kinachokufungulia mlango wa baraza la rufaa linaloitwa SEND Tribunal. Fomu yako ni SEND35A, ya wale walionyimwa tathmini. Hulipi hata senti, na huhitaji wakili. Kesi za aina yako mara nyingi huamuliwa kwa kusoma makaratasi, bila wewe kusimama mbele ya mtu.

Sasa tuje kwenye sababu walizokupa, maana zote mbili nazijua. Mimi mwenyewe nilipewa ya pili, miaka kumi na moja iliyopita, na wangu leo ana ndevu.

Hili la lugha limeandikwa kwenye sheria yenyewe, Children and Families Act ya mwaka 2014, kifungu cha 20: mtoto hahesabiwi kuwa na ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani ni tofauti na ya darasani. Wenzetu maofisini wanakisoma kifungu hiki kama kufuli: mtoto anazungumza Kiswahili, basi funga faili. Lakini neno lililobeba mzigo wote pale ni "tu". Mtoto ambaye shida yake ni ugeni wa Kiingereza peke yake utamsikia nyumbani akigombana na dada yake kwa Kiswahili kinachonyooka. Wako hana Kiswahili wala Kiingereza. Ugumu wake unamfuata katika lugha zote mbili, na hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza kwenye rufaa.

Usiiseme kwa maneno matupu, ionyeshe. Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika kila neno alilosema kwa Kiswahili, upande wa pili la Kiingereza, na pembeni alikuwa anataka nini. Fanya hivyo wiki mbili. Mimi nilipofanya niligundua kuwa neno "maji" kwa mwanangu lilikuwa ni maji ya kunywa, kuoga, mvua, bahari na sabuni. Mtaalamu wa usemi aliusoma ukurasa ule, akaniomba nakala. Alikuwa amekaa na mtoto dakika arobaini asipate kitu kama kile. Mtakapopelekwa kwa mtaalamu wa usemi, omba kwa maandishi apimwe kwa lugha zote mbili na mkalimani awepo. Hiyo si fadhila. Ndivyo kazi yao inavyotakiwa kufanywa.

Na baba watoto umwambie, kwa heshima zote, akirudishe Kiswahili. Kuacha lugha ya nyumbani hakumpi mtoto lugha nyingine. Kunampunguzia watu wa kuzungumza naye, wa kwanza akiwa bibi yake. Lugha mbili hazisababishi usonji wala hazisababishi tatizo la usemi. Siandiki haya kwa sababu ni mhariri wa gazeti la Kiswahili, ingawa nakubali ninalo la kutetea.

Zile £6,000 nazo: ni kweli bajeti ya shule ya kawaida inahesabiwa kuwa na uwezo wa kugharimia msaada wa mtoto mmoja hadi kiasi hicho kwa mwaka. Lakini si kipimo cha kumfanyia tathmini. Kipimo cha kisheria, kifungu cha 36, ni maswali mawili: je, mtoto ana, au huenda ana, mahitaji maalumu ya elimu? Je, huenda ikawa lazima msaada wake utolewe kwa mpango wa EHC? Huenda. Hawatakiwi kuwa na uhakika kabla ya kupima, maana kupima ndiko kunakoleta uhakika. Usikubali pia kuambiwa ulete kwanza ripoti ya mwanasaikolojia wa elimu. Wakishakubali tathmini, ni wao wanaomtafuta na kumlipa.

Umenitajia tarehe zako, nami nimezihesabu. Kaunsili ilitakiwa kukujibu ndani ya wiki sita, yaani tarehe 24 Oktoba. Imekujibu wiki ya kumi na moja. Kama ingekubali kwa wakati na mpango ukatolewa, ungekuwa nao mkononi wiki ya ishirini, tarehe 30 Januari. Baraza likiwaamuru wafanye tathmini na ikaonekana mpango unahitajika, wana wiki 14 tangu siku ya amri kuutoa. Kuhusu kuchelewa kwenyewe, andika malalamiko mafupi, peleka kwa kaunsili kwanza. Wakikujibu vibaya au wakinyamaza, nenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi wa malalamiko dhidi ya kaunsili, naye hana malipo. Ila Ombudsman hawezi kukuamulia kama mtoto apimwe au asipimwe, hiyo ni kazi ya baraza la rufaa. Watu wengi wanazichanganya njia hizi mbili, wanakaa wakimsubiri Ombudsman huku miezi miwili ya rufaa inakwisha.

Nisiwaonee wafanyakazi wa kaunsili. Wenye mipango ya EHC England, pamoja na wenye zile hati za zamani zilizoitangulia (statements), walikuwa kama 240,000 mwaka 2015, wakafika kama 576,000 mwaka 2024, na wanasaikolojia wa elimu hawatoshi. Mwaka 2023 ni kama nusu tu ya mipango mipya iliyotolewa ndani ya wiki 20. Binti aliyeshika faili lako pengine ana mafaili mia mengine na alianza kazi mwezi juzi. Muandikie kwa adabu. Lakini muandikie, usimpigie. Kama akikupigia yeye, sikiliza, kata simu, kisha mtumie barua pepe ya mistari mitatu: leo tarehe fulani umeniambia hivi na hivi, kama nimekosea nisahihishe. Mimi nilipigiwa na maofisa wanne tofauti katika mwaka mmoja, na kila mmoja hakujua aliyemtangulia alisema nini. Kumbukumbu pekee ya faili la mwanangu ilikuwa kwenye simu yangu.

Na usiogope rufaa. Katika mwaka wa masomo 2022/23, kesi zilizofika hadi kuamuliwa, asilimia 98 ziliamuliwa kwa kumpa mzazi haki, angalau kwa sehemu. Nyingine nyingi hazifiki huko kabisa, kaunsili inakubali yenyewe ikishaona fomu imefika.

Zile simu za saa sita zinaniudhi kuliko barua yenyewe. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu "siku imekuwa ngumu", bila barua, bila kuandikwa kama kusimamishwa, ni kinyume cha sheria, hata wewe ukikubali. Wakipiga tena, uliza kwa utulivu: "Je, mnamsimamisha rasmi? Naomba barua." Utashangaa siku inavyokuwa nyepesi ghafla. Ziandike zote ulizokwisha kupigiwa, tarehe na saa. Orodha hiyo iambatanishe na SEND35A, kwa sababu inaonyesha shule haimwezi kwa msaada iliyonao, jambo ambalo kaunsili inadai halijaonyeshwa.

Jirani yako amekosea. Elimu ya mtoto haimo kwenye yale maneno "no recourse to public funds" yaliyo kwenye viza. Tathmini na mpango wa EHC ni elimu. Posho ya ulemavu ya mtoto, ile DLA, hiyo imo, kwa hiyo usiiombe kabla ya kuongea na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Msaada wa bure upo: kila eneo lina ofisi ya SENDIASS ya kushauri wazazi, na shirika la IPSEA lina barua zilizokwisha kuandikwa kisheria, wewe unajaza jina na tarehe tu.

SWALI: Sisi tulipata mpango baada ya mwaka na miezi miwili. Mpango wenyewe unasema mtoto "atapata fursa ya tiba ya usemi kadiri itakavyohitajika". Tangu Aprili amemwona mtaalamu mara moja. Shule inasema ndivyo mpango unavyosema.
Baba Mzito, London

JIBU: Shule haijakudanganya, kaka, na hapo ndipo ulipo ubaya. Sehemu F ya mpango ndiyo yenye meno: kilichoandikwa pale kaunsili inawajibika kukitoa, kifungu cha 42 cha sheria ileile ya 2014, haina ruhusa ya kusema fedha zimekwisha. Lakini meno hayaumi maji. "Fursa" ni maji. "Kadiri itakavyohitajika" ni maji. Unataka isomeke: nani, mara ngapi, kwa dakika ngapi, peke yake au katika kundi la wangapi. Dakika 45 kila wiki, ana kwa ana, na mtaalamu wa usemi aliyesajiliwa. Hicho kinahesabika, na kisipotolewa unadai.

Mpango lazima upitiwe kila miezi 12. Andika sasa uombe upitiwe mapema, na uambatanishe sentensi zako ulizozirekebisha. Wakigoma kubadilisha, nao huo ni uamuzi unaokatiwa rufaa.

Wenzako ambao rasimu ndiyo kwanza imefika, mna siku zisizopungua 15 za kuisoma. Zitumieni, neno kwa neno. Rasimu ya mwanangu ilisema anapenda sana farasi na hutulia akiwa zizini. Mtoto hajawahi kugusa farasi. Ukurasa wa tano nikakuta jina la mtoto mwingine, na saa za msaada za mtoto yule zilikuwa nyingi kuliko za wangu. Nilikaa nazo usiku kucha nikijiuliza kama niseme au ninyamaze. Nikasema.

SWALI: Mpango wa EHC tunao tayari, na tunahama kaunsili mwezi ujao. Tuanze upya?
Mama Pacha, Essex

JIBU: La. Mkihama ndani ya England, mpango unahama nanyi, na kaunsili mpya inaubeba siku mnayohamia. Ndani ya wiki sita ikuambie lini itaupitia. Kama shule ya zamani imekuwa mbali mno, ikutafutie nyingine kwa muda. Mngekuwa mnakwenda Scotland au Wales ningekujibu vingine, kule sheria ni zao. Iandikie kaunsili ya sasa leo, taja tarehe ya kuhama na anwani mpya, uombe wathibitishe kwamba wametuma faili. Nakala yako wewe iweke kwenye mkoba wa mkononi, isipande lori na masanduku.