Maswali ya Wasomaji: Shanga za Bibi na Shanga za Ufukweni

SWALI: Shikamoo mama. Naandika kutoka Kilwa Masoko. Bibi mzaa mama alipofariki aliniachia utunda wa kiunoni, shanga nyekundu ila ukichungulia kwenye tundu ndani nyeupe. Halafu mi mwenyewe tangu mdogo nikivuka Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, maji yakitoka huwa naokota vijishanga vidogo kama punje za mtama, vingi rangi ya tofali, vingine njano au kijani, nimejaza kopo la dawa. Sasa kuna jamaa anataka kununua vyote kwa pamoja. Hivi ni vya kale kweli? Niuze?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama vyote umeviweka pamoja, leo hii hii vitenganishe, maana hizo habari mbili tofauti kabisa, na katikati yake kuna miaka mia kadhaa.

Za bibi ni zile wazee walizoziita samesame, kioo chekundu kimevikwa juu ya cheupe. Zilitengenezwa Venice, Italia, zikashushwa Zanzibar na kwenda bara vichwani mwa wapagazi. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita njia ya Tabora kuanzia 1857 akaandika kwamba watu walizipenda mpaka zikapewa jina la kumaliza chakula, yani mtu anatoa mlo wake apate shanga. Na si mchezo, kila nchi ilikuwa na rangi yake, msafara ukifika na ushanga usiopendwa mahali pale basi hata kibaba cha mtama hawauziwi, wanalala njaa na mizigo wanayo. Za aina hii ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo kwa macho tu siwezi kukwambia utunda wako ni wa mwaka gani. Ila waulize mama na mashangazi bibi aliupata kwa nani, alivaa lini, uandike kwenye daftari na uliweke pamoja na huo utunda. Uzi ukichakaa tungia uzi wa pamba, usitumie waya, waya unakwangua tundu.

Hizo za kopo sasa. Shanga ndogo za rangi ya tofali namna hiyo zilitoka India, kipindi Kilwa inashika biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na majahazi yanakuja na kaskazi. Fundi alivuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu mwembamba, akaukata vipande vidogo vidogo, akavirudisha motoni ili ncha zilainike zisikwaruze shingo ya mtu. Wekundu ule ni shaba. Chukua kamoja, kashike mbele ya taa, kapige picha kwa simu halafu ikuze, utaona vimistari na mapovu membamba yamelala kufuata tundu, kutoka upande huu kwenda huu. Ushanga ambao kioo chake kilizungushiwa kwenye kijiti cha chuma, mistari yake inazunguka tundu. Shanga za kutoka ng'ambo kama hizi zimekutwa mpaka Mapungubwe, mji wa kale wa Afrika Kusini kule kusini mwa mto Limpopo, fikiria safari hiyo.

Kuuza, hapana. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa, huyo jamaa akikamatwa navyo na wewe umo. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekuomba usiokote tena. Nilipokuwa na umri wako nami niliokota kwenye magofu, nikatunga bangili nzuri sana, nikaivaa miaka. Siku moja nikamuonyesha mtaalamu wa mambo ya kale, akaigeuza geuza kwa upole halafu akaniuliza kitu kimoja tu, hii umeitoa wapi, karibu na ukuta gani, kina gani? Sikuwa na jibu. Iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu ushanga ukiwa ardhini pembeni ya kigae cha chungu na makaa ya jiko unasema ni wa lini na nani alikaa pale, ukishaingia kwenye uzi wangu umenyamaza. Peleka kopo kwa wanaosimamia magofu, waeleze kila ufukwe unaoukumbuka, hata kwa kukisia.

SWALI: Niko Mombasa. Nimeuziwa mkufu naambiwa shanga zimetoka Gede, yale magofu ya karibu na Malindi, za miaka 600. Zina kama mstari katikati zote, na zinalingana sawasawa. Nimeibiwa?

JIBU: Pole dada. Mstari huo ni mshono wa kalibu, pale nusu mbili zilipokutana kiwandani, na shanga za kuvuta kwa mkono huwa hazilingani hivyo, moja nene nyingine imekatwa upogo. Gede watu walihama karne ya 17 na shanga zake halisi zinalindwa, Kenya kitu cha kabla ya 1895 kinahesabika cha kale, kwa hiyo muuzaji hapo ama amekudanganya ama kavunja sheria. Kwa unavyonieleza amekudanganya. Mkufu vaa tu.