Re: Nani alianza kupeleka vitabu vijijini?
Mkuu, umeuliza nani alitangulia, maana mnataka kuzungusha vitabu vijiji vya Rungwe. Kwa Marekani, mmoja wa waliotangulia ni Mary Titcomb, mkutubi wa Hagerstown, Maryland. Alianza na makasha ya vitabu madukani na posta, akaona wakulima wa mbali bado hawafikiwi. Mwaka 1905 akatoa gari la farasi wawili: rafu ubavuni kwa nje, makasha ndani. Dereva? Joshua Thomas, mfanya usafi wa maktaba (ndiye aliyezijua njia). Mwaka 1910 treni ikaligonga likaharibika kabisa. 1912 likaja la injini.

Ninyi anzeni na makasha. Tope la masika huko unalijua. Tafuteni tu mwenye duka atakayekubali kuandika majina ya waazimaji.