Jibu: Albamu ya pili ya Beck, Bogert & Appice

Sasa ndugu. Umeulizia albamu ya pili ya bendi ya roki ya watu watatu, Beck, Bogert na Appice. Kama umepekua santuri zote Kenyatta Market ukitafuta albamu yao ya pili ya studio, usijichoshe, haikutoka. Walipanga kuungana 1969, mpiga gitaa Jeff Beck akapata ajali ya gari, wenzake Bogert (besi) na Appice (ngoma) wakaunda bendi nyingine, Cactus. Walikutana tena 1972, wakatoa albamu moja 1973 (kuimba kuliwapiga chenga, lakini besi na ngoma ni moto!), na 1974 bendi ikavunjika kabla albamu ya pili haijakamilika.

Ukiuziwa santuri mbili kwenye jalada moja, hiyo ni rekodi ya shoo yao ya Japani. Soma kwanza lebo ya katikati, maana majalada ya mitumba hubadilishana. Halafu iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo.