Mbegu ya fenesi haingoji, na nyie mnaianika juani

Juzi kijana mmoja wa hapa mtaani kanitumia picha kwenye simu. Ungo umejaa mbegu za fenesi, kazipanga vizuri juu ya bati, jua linawaka, na chini kaandika "mama zikishakauka naziweka kwenye chupa nasubiri masika." Nikacheka, halafu nikaangalia tarehe, zina siku nane hapo juu. Mwanangu, hizo sio mbegu tena, hizo ni kokoto. Na huyu ni wa tatu mwaka huu, ndo maana nimeamua nikae niandike mara moja yaishe, maana mkinikuta dukani mnaniuliza mmoja mmoja mpaka nasahau kununua chumvi.

Nyie wanangu kwenye mfenesi penye haraka mnazubaa, penye kusubiri ndo mna haraka. Mbegu inataka haraka, mche unataka haraka, hapo mnalala. Mti ukishakaa ardhini sasa unataka uachwe, ndo mnaanza kuuchokonoa, kuupiga dawa, kuniuliza mbona mwaka wa pili huu hauzai. Kiriba mnakijua, kile kimfuko cha kuoteshea mche, na samadi mnaijua. Twende.

1. Mbegu ya fenesi haianikwi. Mahindi anika, maharage anika, mchicha anika. Fenesi, embe, parachichi, kakao, hizo zinaishi na maji yake ndani, ukizikausha umeziua. Ukishakula tunda, osha mbegu mpaka utelezi wote utoke (ukibaki unaita sisimizi na ukungu), loweka mpaka kesho yake, panda. Ndo hivyo tu. Ukiwa unasafiri nazo kutoka Muheza kule Tanga au Zanzibar, zifunge kwenye maranda yaliyolowana kidogo, na usifikishe mwezi. Nakwambia kwa sababu kila siku inayopita unapunguza zitakazoota, na ukiniambia "lakini mama zinaonekana nzima" nakujibu hata mimi naonekana mzima na magoti yangu nayajua mwenyewe.

2. Mfenesi wa mbegu haufanani na mama yake. Hapa huwa watu wanakasirika. Umekula fenesi gumu tamu, linakatika kama nazi changa, unapanda mbegu zake kumi, unakuja kupata matatu magumu, mengine laini yanateleza kooni kama bamia, na moja halina ladha kabisa. Poleni, chavua (ule unga wa maua dume) ilitoka mti mwingine. Anayetaka hakika anunue mche wa kubebeshwa (kikonyo cha mti unaojulikana kimeunganishwa juu ya mche mwingine), unazaa mapema na unajua unachokula. Mimi napanda mbegu kwa sababu napenda kamari ya halali.

3. Kuotesha ni rahisi mno, ndo maana mnaharibu. Laza mbegu ubavu, fukia kama sentimita 2 au 3, kivuli chepesi cha makuti, udongo uwe na unyevu usiwe tope. Wiki tatu, wakati mwingine nne, zile zilizochoka kidogo hata nane. USIFUKUE. Kuna binti alikuwa anafukua kila Jumapili akitoka kanisani aone kama imechipua, mbegu zilikuwa zinachipua kweli, na kila Jumapili anavunja kamzizi. Kale kamzizi keupe kakivunjika ncha ndo basi. Kuku nao wanafukua lakini wao hawana akili.

4. Kiriba.

Hapa nikae vizuri maana hapa ndo pananiuma.

Mwaka 2012 mwishoni nilikwenda nyumbani Muheza, mama akanipa fenesi la mti wa nyuma ya jiko. Ule mti tumekulia chini yake, shule tumefungulia pale, kaka yangu kaanguka pale kavunja mkono, yaani huo sio mti ni ndugu. Na mama akaniambia utakatwa, sehemu ile wanagawana urithi, na mwenye kipande kile anataka mbao (mbao ya mfenesi ni nzuri, ya njano inakolea, fundi akiiona anakuja mwenyewe). Basi nikabeba mbegu arobaini na kitu, mbichi kabisa, nimezifunga kwenye kanga iliyolowana, nikaja nazo mpaka huku Chanika, kesho yake ziko kwenye viriba. Mpaka hapo nilikuwa sijakosea kitu, na nadhani ndo kiburi kilipoanzia.

Ziliota zaidi ya thelathini. Nikazipanga barazani mistari mitatu. Nikawa naziamkia kabla sijaamkia watu. Mume wangu akawa anasema "wanao wameamkaje?" Majani yanang'aa kijani kile cha giza, kila mgeni anasifia, na mimi mgema nikasifiwa. Jirani yangu, mzee mmoja mfugaji asiyejali kitu, akaja akaomba mmoja, ulikuwa na majani mawili tu, nikampa kwa shingo upande. Akauchomeka hapo hapo jioni pembeni ya banda lake la kuku, kwa kutumia kijiti, hata jembe hakuchukua. Nikamwonea huruma mche wangu, nikasema huyo ameshakufa.

Mimi sasa nikawa nasubiri. Kwanza nasubiri masika. Masika yakafika nikasema ngoja tujenge ukuta maana mbuzi wa yule yule mzee watakula (na kweli mbuzi wanapenda majani ya mfenesi kuliko wali). Ukuta ukasimama kwenye msingi kwa sababu hela ya tofali ilikwenda ada. Vuli ikaja, nikasema bado midogo, ipate nguvu kwanza. IPATE NGUVU! Iko kwenye kimfuko cha nailoni chenye upana wa mkono, itapata nguvu wapi? Nikigusa kiriba chini naona kigumu kama jiwe, nikawa nafurahi, nadhani udongo umeshikana. Mingine mizizi ilitoboa nailoni ikaingia kwenye ufa wa baraza, nikaing'oa kwa nguvu, nikasikia "ta!" na nikajidanganya kwamba sikusikia.

Miezi kumi na minne. Masika ya 2014 ndo nikapanda. Mingi nilishagawa na kuuza, nikabaki na mitano, nikachagua mmoja mzuri kuliko yote nikauweka katikati ya uwanja. Nilipochana kiriba nikaona mzizi mkuu umezunguka chini kama ile dawa ya mbu ya kuchoma. Umezunguka mara tatu hivi. Nilijua. Kuna kitu ndani yangu kilijua. Lakini shimo lilishachimbwa, samadi imo, mvua inanyesha, watoto wamesimama na ndoo, nikauingiza hivyo hivyo nikafukia, nikasema utajinyoosha wenyewe.

Haujinyooshi jamani. Mzizi uliojizungusha unaendelea kujizungusha, unanenepa tu, unajikaba.

Huu mti ulinidanganya miaka mitano. Ulikua, ulikuwa mfupi kidogo lakini una matawi, nikausamehe. Mwaka wa tano ukatoa mafenesi matatu shinani, nikapiga simu Muheza nikamwambia mama njoo ule fenesi la mti wako, maana ule wa kule ulikuwa umeshakuwa kabati la mtu. Mama akafika mwezi wa nne, matunda bado mabichi, tukasema tutasubiri pamoja. Siku ya nne ikapiga mvua usiku kucha, alfajiri ukaja upepo, upepo wenyewe wala haukuwa mkali, makuti ya jirani hata moja halikuanguka. Nikasikia kishindo kidogo tu, kama mtu ametua gunia. Nikatoka na tochi. Mti umelala ubavu na mafenesi yake matatu, na shina lote limetoka na donge la mizizi lenye umbo la kiriba. Nawaambia ukweli, miaka mitano ardhini na lile donge bado lilikuwa na umbo la kiriba, hata ile mikunjo ya nailoni ya chini unaiona.

Mama akalizunguka. Hakuniuliza chochote kuhusu upepo. Akaniuliza "ulikaa nao muda gani kwenye mfuko?" Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema "mwanangu, umeuvisha mti soksi ukaacha kuuvua." Akarudi ndani kuchemsha chai. Mimi nikabaki pale na kanga yangu imelowa nikiangalia soksi.

Mafenesi tulipika, bichi linapikwa mchuzi wa nazi kama nyama, lilikuwa tamu na sikuweza kumaliza sahani.

Sasa ushauri wenyewe ni sentensi moja: mche ukifikisha majani manne peleka ardhini, na kama huna pa kuuweka usioteshe. Au bora zaidi ya hapo, panda mbegu tatu moja kwa moja kwenye shimo, zikiota acha moja iliyo bora. Mche ukichelewa kidogo, kata kitako cha kiriba kabisa, shusha na donge lake bila kulitikisa.

5. Mahali. Mita 8 hadi 10 kutoka kwenye nyumba, ukuta, na karo la maji machafu. Najua kiwanja chako ni ishirini kwa ishirini. Basi panda mpera. Fenesi linaweza kufika kilo 30 na zaidi, likikutua kwenye bati jembamba usiku wa manane utadhani umevamiwa. Na usiweke maegesho ya gari chini yake, nimeona mtu kafanya hivyo, na yeye ni mhasibu.

6. Maji. Kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia, toboa chupa ya lita moja na nusu ichomeke kichwa chini pembeni ya shina, weka matandazo (majani makavu ya kufunika udongo) ila yasiguse shina maana yanaita mchwa. Lakini usipande penye maji yanayotuama. Mfenesi unavumilia mengi, ila mizizi ikisimama ndani ya maji siku chache tu unaanza kukauka kutoka juu, na wewe unavyoona unakauka unaongeza maji. Hapo ndo unaumaliza.

7. Hii ya "mafenesi machanga yanaoza." Mti unaanza kutoa vitu vidogo kama vidole, vinapata ukungu mweusi, vinadondoka, na simu yangu inaita. Kuna mmoja alishanunua dawa ya ukungu na bomba la kupulizia, kapulizia mti mzima, kavaa barakoa na koti la mvua. Hayo ni maua dume jamani! Kazi yake ni kumwaga chavua, yakimaliza yanaoza na kuanguka. Mfenesi mmoja una madume na majike, madume ndo hutangulia na mengi yako huku juu kwenye vitawi, majike yanashika shinani na kwenye matawi manene kwa kikonyo kinene. Wewe ulitaka hayo madume yafanye nini, yakae yapewe pensheni?

Na kwa sababu tunda linatoka shinani, msikwangue shina mkasema mnalisafisha. Yule wa koti la mvua alifanya na hiyo.

8. Miaka ya kusubiri tunda. Wa mbegu ukiupendeza sana miaka minne, wa kawaida mitano mpaka saba, na kuna unaogoma hata nane. Usiupigilie misumari, usiupige panga kuutishia. Nimewahi kuupiga, haukutishika.

9. Kujua limeiva: harufu, miiba imeachana na imekuwa butu, ukiligonga linaitika kama ngoma iliyolegea. Paka mafuta ya kula mikono na kisu KABLA ya kukata, sio ukishanasa. Ule ni ulimbo, watoto tulikuwa tunanasia ndege, sabuni haiuwezi. Mbegu unazobakiza chemsha na chumvi.

Nilitaka kufikisha kumi, ya kumi imenitoka.

Lakini nimalizie ya yule mzee wa mbuzi, maana mtaniuliza. Ule mche wake wa kijiti, wa majani mawili, mtoto wa mti wa mama, ndo huu hapa unaoniangalia. Umepita paa la banda la kuku siku nyingi, mwaka huu una mafenesi sijui kumi na ngapi, mawili yamening'inia upande wangu wa ukuta. Hajawahi kuumwagilia hata ndoo moja, kuku ndo wanautia mbolea. Mwaka jana alinipa moja, ni la nyama laini, sio gumu kama la Muheza, na nimelila lote nimekaa kwenye ngazi ya jikoni mwenyewe. Hili kubwa la upande wangu nimelifunga gunia popo wasiliguse, nimeshachimba mashimo mawili pale ulipolala ule wangu, viriba sijanunua, na mzee nimemwambia siku ya kulishusha afunge mbuzi.