Kabla Hujamwombea Mtoto Mtihani, Muulize Kwanza

Wacha nianze na aibu ndio tumalizane nayo. Mwaka 2022 kijana wangu wa kwanza alikuwa kidato cha nne, na mimi fundi wa nguo hapa Free Area, Nakuru, mtu wa kushonea watoto wa watu yunifomu, nilikuwa nimefunga siku tatu juu ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Kanisani tukawa na ibada ya watahiniwa, kila mzazi abebe kalamu, rula na ule mkebe wa hesabu wa mtoto wake, viwekwe pale mbele viombewe na vipakwe mafuta. Sasa mimi na moto niliokuwa nao tone moja halikunitosha, nilifika nyumbani nikachukua chupa yangu nikazipaka tena moja moja mpaka ncha. Kijana akaingia pepa ya kwanza na kalamu inateleza tu, inaandika herufi mbili inakata, karatasi ina doa kama imefunga mandazi, ikabidi ainue mkono aombe msimamizi kalamu nyingine. Aliniambia hiyo stori miezi baadaye akiwa anacheka, nikacheka pia, lakini usiku sikulala.

Na hiyo ya kalamu ndio ndogo.

Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, kila kitu kinaskika. Kila usiku nilikuwa napiga magoti pale kwa kochi naomba kwa sauti, Baba mpe A, Baba mfungulie mlango wa udaktari, Baba usiniaibishe mbele ya watu. Yeye yuko upande wa pili wa pazia na kitabu, anaskia yote. Kumbe hesabu zilimpotea tangu kidato cha pili, walibadilishiwa mwalimu katikati ya muhula kuna mahali wakaruka, na kila kilichojengwa juu ya hapo kikawa giza. Matokeo yalipotoka akawa na C plain, na digrii inataka C+ kwenda juu, kwa hivyo ule udaktari ukaishia hapo. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia unaumia na hesabu? Akaniangalia akasema, "Mama, ningekuambia vipi na ulikuwa ushamwambia Mungu mimi ni daktari?"

Nilienda nikakaa kwa cherehani yangu nikashona kola moja mara tatu nikiifumua.

Saa hii anasomea diploma ya umeme, alipata nafasi kupitia KUCCPS, wale wa serikali wanaopanga wanafunzi vyuoni, na akija likizo majirani wanampangia foleni na pasi zao zilizoungua. Sina malalamiko kwa Mungu kabisa. Lakini miaka minne nilikuwa naombea mtoto ambaye simjui, nilikuwa nimemshona kichwani bila kumpima, na mimi ni fundi!

Kwa hivyo mzazi mwenzangu, ushauri wangu wa kwanza ndio huo, muulize mtoto unachomwombea. Na usimkalishe chini kama yuko kwa chifu, hatasema kitu, atakuambia "niko sawa tu." Uliza mkichambua sukuma, uliza mkitembea kutoka kanisani. Mimi kwa kazi hii nimegundua mtoto akiwa amesimama mikono imetanuka unampima kifua anasema kila kitu, sijui ni kwa sababu hakuangalii machoni. Kuna mmoja wa Gredi ya 7 aliniomba polepole nimwekee mfuko wa ndani kwa suruali, juu kuna wakubwa wanamnyang'anya nauli. Mama yake alikuwa mlangoni kwa simu. Huyo mama ni mwombaji, najua, na nina uhakika hiyo jioni alisema "Bwana mlinde mwanangu," lakini mfuko ulijulikana na mimi kwanza. Nilimwita pembeni nikamwambia, na kesho yake asubuhi alikuwa shuleni kuongea na mwalimu wa darasa.

Hapo ndio napenda Nehemia sura ya 4. Wanajenga ukuta, maadui wanawatisha, wakamwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku, vyote kwa mstari mmoja. Kwangu mlinzi ni simu kulala chumbani kwangu kuanzia saa tatu usiku, mlinzi ni kumpigia mwalimu kabla ya ripoti kutoka badala ya kungoja siku ya wazazi nikae nyuma nikitetemeka. Na tafadhali wacha kubeba mtahiniwa kwa kesha. Nilimpeleka wangu Julai na baridi yetu hii ya Nakuru, akarudi asubuhi anasinzia na mafua juu, wiki nzima ikaenda. Kesha wewe, yeye alale.

Karo nayo nitaigusa tu. Omba, lakini fomu ya basari ya CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na ile ya kaunti zikitoka uzijaze mapema, na kama una deni usijifiche, nenda ofisini useme utalipa kidogo kidogo. Nimeona wazazi wakifunga wiki mbili na fomu imelala nyumbani mpaka siku ya mwisho ikapita.

Sasa kuna jambo wazazi wengi wa CBC, huu mtaala mpya, hawajashika, na linabadilisha vile tunaomba. Sisi tulizoea siku ya maombi muhula wa tatu, mtihani uko mlangoni, tunalia tunamaliza. Lakini hawa wa Gredi ya 9 mwaka huu wa 2025 ninapoandika, ambao ndio wa kwanza kufanya KJSEA, ule mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mtihani wenyewe ni asilimia 60 ya alama zao. Asilimia 20 ni ile KPSEA, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, walifanya Gredi ya 6, na 20 nyingine ni zile kazi za kupimwa shuleni Gredi ya 7 na 8. Yaani siku pasta atawaita mbele, 40 imeshaenda kitambo. Msichana wangu ni wa hilo kundi. KPSEA yake ilikuwa 2022, mwaka ule ule mimi niko busy na kalamu za kaka yake, yeye nilimwombea dakika moja mlangoni nikitafuta kiatu chake kimoja. Na ndio hiyo iko kwa hesabu yake leo.

Kwa hivyo na huyu tumefanya tofauti. Tuko na daftari ya kurasa 96, iko juu ya friji, anaandika yeye mwenyewe anachotaka kiombewe na mimi siruhusiwi kuongeza. Mwanzo nilidhani ataandika mambo makubwa. Wiki ya kwanza aliandika "nisiogope kusoma kwa sauti." Wiki nyingine, "mwalimu wa sayansi apone." Kuna siku aliandika jina la rafiki yake tu, bila maelezo, nami nikaomba hivyo hivyo bila kuuliza, na ilinibidi nijiume ulimi. Maombi yenyewe hayafiki dakika tano, tunaomba sauti ya chini tukiwa tumekaa, na neno A halijatajwa kwa hii nyumba tangu Januari.

Wiki hii ni ile mambo ya kuchagua shule za sekondari ya juu, shule 12 na njia ya masomo. Mimi roho yangu iko kwa STEM, ile njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, siwezi kudanganya, ule udaktari bado uko mahali pamejificha. Yeye anataka Sanaa na Michezo, juu ya kuchora na ile kwaya yao. Tumebishana Jumatatu, Jumanne tukanyamaziana. Jana jioni nikafungua daftari nikakuta ameandika kwa mwandiko wake ule wa kulala, "Mungu amsaidie mama akubali."

Nimeliombea. Shingo upande, lakini nimeliombea, na amina nilisema kwa sauti ndio askie.