Kaka mtu anataka kubembeleza kama kwenye katuni

Mama wa Uyole, hongera kwa mtoto, na pole kwa kukosa usingizi. Umeuliza kama umzuie wa miaka 4 kutazama ile katuni ya dada anayembembeleza mdogo wake, maana sasa wa miezi 2 akilia tu, yeye anakimbia kumtikisa. Mimi nisingeizima. Kaa naye muitazame, halafu mpe kazi yake.

Wa kwangu nilimpa mbili: kuimba, na kuleta nepi. Akitaka kumpakata, anakaa kwanza mkekani, namwekea mdogo wake mapajani, kiganja changu kikiwa chini ya shingo. Aliimba wimbo ule ule mpaka nikauchoka, lakini mtoto alikuwa ananyamaza kumsikiliza!

Kumtikisa ndiko usikofanyia mzaha. Shingo ya kichanga haijakaza, ubongo unaweza kuvuja damu. Mfundishe kwa mwanasesere. Na ile biskuti uliyomkuta anamlisha, hapana. Kabla ya miezi 6 ni ziwa tu, hata maji bado.

Baridi hii ya Juni najua mnafunga madirisha. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hewa yake ya sumu haina harufu. Mbebe kwa mbeleko, atapata joto lako.

Akifika nyuzi 38, akikataa kunyonya, akilegea au akilia mfululizo bila kubembelezeka, nenda kituo cha afya usiku huo huo.