Kwa aliyetolewa plasta anayetaka sindano ya IGF-1

Ndugu, umeuliza kama ununue sindano ya IGF-1, kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini, kwa sababu paja limesinyaa. Mimi boda niliyopanda iligongwa na teksi pale Wandegeya, Kampala, nikavunjika muundi, nikakaa na plasta wiki 8, kutoka unyayoni hadi katikati ya paja. Siku ilipokatwa niliazima futi ya fundi cherehani jirani: paja zima sentimita 52, bovu 46.

Jamaa wa jimu akaniletea kichupa cha hiyo IGF-1. Unga mweupe kidogo chini, lebo imebanduka pembeni, amekitoa mfuko wa suruali jua la saa nane. Nikampa arbuni elfu hamsini, niende nikatafute pesa iliyobaki.

Aliyenizuia ni dada wa mazoezi ya viungo. Kwanza, akasema, nyuzi za msuli wako hazikufa, zimekonda tu. Na msuli ukichanika kweli, nyuzi zenyewe hazigawanyiki. Wakarabati ni seli za satelaiti, alizozieleza mwanasayansi Alexander Mauro mwaka 1961, zinazolala zimejibanza ubavuni mwa uzi. Msuli ukivutwa au kuumia, HGF, yaani kichocheo cha ukuaji wa seli za ini, iliyohifadhiwa kandokando inaachiwa na kuziamsha. (Jina lake ni la ini, lisikuchanganye, linafanya kazi hata kwenye msuli.) Kichocheo kingine, FGF, kinazisukuma zizaliane. Halafu lazima ziache kuzaliana, ndipo ziungane kuwa uzi.

Hapo ndipo wauza sindano wananyamaza. Maabarani, seli hizi zikilishwa majimaji ya damu yenye vichocheo tele, zinazaana tu, uzi huoni. Watu wa maabara huyapunguza hadi kama asilimia 2, ndipo zinapangana na kushikana. Kichocheo kile kile kinachosaidia leo, kesho kinachelewesha kazi. Na kichocheo kingine, TGF-beta, kikizidi, unaachiwa kovu badala ya msuli.

IGF-1 inasifiwa kwa haki: inasaidia seli kuzaliana, inasaidia kuungana, tena inauamrisha uzi ujenge protini. Lakini msuli wenyewe huitengeneza ukibebeshwa mzigo, pale pale penye mzigo. Ya sindano inazunguka mwili mzima, haijui paja lipi ni bovu. Na kwa kuwa inafanana na insulini, inaweza kukushusha sukari ukaanguka. Kama unacheza mpira wa ligi, jua pia WADA, shirika la dunia la kupinga dawa haramu michezoni, wameipiga marufuku.

Basi nilianza kukaa na kusimama kwenye kiti, mara 10, napumzika, narudia. Mwezi wa pili ngazi. Wa tatu nikashika jerikeni la lita 10, baadaye la 20, huku nakula maharage na mukene (dagaa) kila siku, mpaka mke wangu akachoka na harufu. Usianze na jerikeni kabla daktari hajaona picha ya mfupa.

Mwezi wa tano futi ilisoma 51. Arbuni yangu hadi leo sijarudishiwa.